Nimetumia wale vijana wa kutafuta nyaya na mabomba chini ya ardhi hapa Mtwara, maoni yangu haya

Wakuu habari zenu. Niende moja kwa moja. Kama una kazi ya kuchimba Mtwara mjini, iwe mtaro wa maji, karo, msingi wa fensi uliokaribia barabara au unapitisha kebo, kuna vijana wanakuja kupima chini kabla kijiko hakijagusa udongo. Nimewatumia kwenye saiti ninayosimamia huku Shangani, nawapa nyota nne kwa tano. Jina lao siweki hapa manake mtu akisoma ataona ni tangazo, ila ukiwauliza wenye vijiko wa kukodi hapa mjini watakuelekeza, wanawajua.

Kazi yenyewe ni nyumba ya wageni. Karo linakaa nyuma, hilo halikunitia wasiwasi sana, shida ilikuwa mtaro wa mbele unaotoka kwenye bomba la MTUWASA, mamlaka ya maji ya hapa mjini, barabarani mpaka ndani ya kiwanja, na ubavuni mwake tulitaka kebo ya umeme ipite chini badala ya kuning'inia. Sasa mtaro wa hivyo lazima ukate hifadhi ya barabara, na kwenye hifadhi ya barabara ndo kila mtu amezika chake. Maji yapo, kebo za TANESCO kuna sehemu zimepita chini, kuna nyaya za simu za TTCL za enzi zile, kuna faiba za makampuni, na kila aliyekuja amepita pale alipoona pana nafasi. Juu unaona mchanga na majani tu.

Na sisi Mtwara tuna jambo la ziada, gesi. Bomba kubwa la inchi 36 linaloanzia Madimba kwenda Dar lilizinduliwa 2015 na kila mtu analijua, lina mkuza wake, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili yake, na alama zake, huko mtu hapeleki kijiko kizembe. Ila kuna lile la zamani zaidi linalotoka Msimbati kuja kwenye mitambo ya umeme mjini, na kuna mabomba madogo ya TPDC, shirika la taifa la mafuta na gesi, yanayopeleka gesi kwenye baadhi ya nyumba na taasisi. Hayo madogo ndo ya kuogopa kwa mtu wa ujenzi wa kawaida, manake ni ya plastiki, yanapita mitaani tunakoishi na fundi akiyaona anaweza kudhani ni bomba la maji tu. Kwahiyo mtu akiniambia kupima ni mambo ya makampuni makubwa namshangaa sana, labda huko kwingine, hapa Mtwara hapana.

Nianze na nilichokipenda kuliko vyote, kwamba kabla hawajaja walitaka karatasi. Kijana aliyepokea simu akaniuliza, "Kaka, umeshaenda MTUWASA na TANESCO kuomba michoro?" Nikamwambia ya maji ninayo, ya umeme bado. Akasema wao hawaji mpaka nipite ofisi zote, maji, umeme, simu, na TPDC kwa ajili ya gesi, kisha nipite TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, kwasababu barabara ni yao na kibali cha kuikata kinatoka kwao. Akaniambia pia nichore kwa chokaa pale ninapotaka mtaro upite, ili wakifika wasipoteze muda kupima kiwanja kizima. Marekani wenzetu tangu 2007 wana namba moja tu nchi nzima, 811, unapiga bure unasema nachimba mahali fulani, wenye nyaya na mabomba wanataarifiwa wanakuja kuweka alama wenyewe. Hapa unazunguka ofisi moja moja kwa bodaboda. Zunguka tu. Ofisi nyingine mchoro ni wa zamani, nyingine wanakupa mtu anayekumbuka, na huyo mtu anayekumbuka wakati mwingine ana thamani kuliko mchoro.

Siku ya kupima walikuja wawili na mashine yao, aina ya CAT na Genny ya Radiodetection ya Uingereza. Ambao hamjaiona, ni vitu viwili. CAT ndo ya kupokea, ndefu hivi unaishika mkononi unatembea nayo, ikipita juu ya waya inalia, na mlio unapanda kadri unavyokaribia. Genny ni boksi la kutuma mawimbi. Kebo yenye umeme unaotembea inatoa mawimbi yake yenyewe ya hezi 50, CAT inayasikia bila msaada wa mtu. Bomba la chuma au waya wa simu hauna huo umeme, ndo pale Genny inapoingia, unaibana kwenye waya au kwenye valvu ya chuma, au unaiweka chini juu ya laini, inasukuma mawimbi ya kilohezi 33 yanatembea ndani ya ile chuma na CAT inayafuata kama redio iliyopata stesheni.

Sasa hapa ndo nilipojua hawa vijana wanaijua kazi. Wengi ninaowaona na hizi mashine wanawasha modi ya umeme, wanazunguka mara moja, kimya, wanakwambia bosi chimba hapa pako safi. Hawa walipomaliza modi ya umeme yule mkubwa wao akanionyesha taa za barabarani, akasema hizo mchana zimezimwa, kebo yake haina umeme unaotembea, modi hii haitaisikia hata ukisimama juu yake. Mimi hilo sikuwahi kulisikia kwa mtu mwingine yeyote. Akabadili modi ya redio, ile inayosikia mawimbi ya redio za mbali yanayopita kwenye waya au chuma ndefu hata kama haina umeme, akarudia, kisha wakaweka Genny wakarudia tena. Na hawatembei njia moja, wanaenda urefu wa mtaro halafu wanaukata kwa upana, manake CAT inasikia vizuri ukiikata laini, ukitembea sambamba nayo unaweza kuipita kabisa. Na Genny ikiwekwa chini haikai jirani na CAT, wanaiacha kama mita kumi hivi, ikiwa karibu CAT inasikia mawimbi yanayopita hewani unadhani umepata kitu kumbe ni boksi lako mwenyewe.

Walichopata. Kebo moja ya umeme inaenda kwa jirani, nayo haikufuata mstari wa fensi kama mtu yeyote angedhani, imekatiza kwa pembeni ikapita katikati kabisa ya pale nilipochora chokaa. Wakaiweka rangi nyekundu. Waya wa simu rangi ya chungwa. Wanatumia rangi za Kimarekani, nyekundu umeme, bluu maji, njano gesi, chungwa simu na faiba, kijani maji taka, na mwanzoni walimwita dereva wa kijiko wakamweleza kila rangi ni nini, hilo nalo nimelipenda, manake anayeshika leva ni yeye, mimi nikiwa nimeenda kununua saruji rangi itanisaidia nini.

Bomba la maji ndo lilisumbua. Mchoro ulionyesha limepita sawasawa na barabara, CAT kimya kabisa. Yule kijana akasema wazi, "Kama ni plastiki mashine yangu haioni." Na ndo ukweli wenyewe wakuu, hizi mashine zinasikia chuma na waya, bomba la plastiki liwe la maji au la gesi haliwezi kusikika mpaka liwe limezikwa na waya wa kulifuatilia au ule utepe wa tahadhari wenye waya ndani. Mabomba mengi yetu ya siku hizi ni plastiki tupu. Kwahiyo mtu akikupimia kwa mashine ya namna hii akakwambia hakuna kitu chini, maana yake hakuna chuma wala waya wa kusikika. Plastiki inaweza kuwepo tele.

Hapo akatoka mzee mmoja jirani, alikuwa amekaa barazani anatutazama muda wote. Vijana wakamwamkia shikamoo, akaitikia, akasema, "Wanangu, hilo bomba halikwenda hivyo. Kulikuwa na mwembe hapa, walipofika kwenye mwembe wakazunguka." Mwembe haupo siku nyingi, hata kisiki hakuna. Mwingine angempuuza. Hawa wakamwomba aje asimame pale penye mwembe wake, wakaweka alama ya bluu yenye kiulizo, wakaniambia hapa hatujui kwa uhakika, hapa shimo la majaribio kwa mkono. Tukachimba, na bomba lilikuwepo, karibu kabisa na aliposimama mzee, mbali na mstari wa kwenye mchoro. Mtaa wowote ukiingia watafute hao wazee, mjumbe anawajua, wamekuwepo wakati mabomba yanalazwa.

Mashimo ya majaribio yanataka nafasi yake kwenye maoni haya kwasababu watu wengi wanayaruka, na kwa mimi ndo nusu ya huduma. Rangi juu ya udongo inakwambia takribani tu. Kuijua laini ilipo inabidi uione kwa macho, na kuiona ni kuchimba kwa mkono taratibu kila pale mtaro wako unapokatana na rangi. Hawa jamaa wanasimamia hiyo sehemu pia, na wana sheria zao. Huchimbi kutoka juu kwenda chini moja kwa moja juu ya laini, unaanzia pembeni yake unaifuata kwa ubavu. Unatumia chepe, sululu na mtaimbo vinakaa pembeni ukishakaribia. Sasa huku Shangani ukishuka kidogo unaweza kukutana na mawe ya matumbawe, chepe haliingii, na kibarua anataka amalize aende nyumbani, mkono unaenda wenyewe kwenye sululu. Walimzuia kijana wetu mmoja pale pale, wakamwonyesha avunje jiwe kidogo kidogo kwa patasi na nyundo kutoka upande ulio mbali na kebo. Ilichukua muda, vibarua walinung'unika, niliwaongezea hela ya chakula. Kebo ilipotokea ilikuwa imekaa juu kuliko mashine ilivyosema, tena kwa tofauti ya kuonekana. Kina kinachosomwa kwenye kioo ni makadirio, udongo ukimwagwa au kuchotwa juu, au laini ikiwa imepinda, namba inadanganya. Kijiko kingeshushwa kwa kuamini ile namba tungekata.

Nyota moja niliyowanyima sasa. Kwanza walichelewa, kijiko kimeshafika, dereva amekaa kivulini, na kijiko kinahesabu saa hata kikiwa kimezimwa. Simu hazikupokelewa mpaka baadae. Pili, rangi yenyewe. Huku udongo ni mchanga, toroli limepita mara kadhaa, vibarua wamepita, jioni rangi nusu imepotea. Walitakiwa wapige na vigingi, na mimi nilipouliza wakasema vigingi si sehemu ya bei. Vigingi vya miti jamani, ni bei gani? Tatu, mchoro walionitumia WhatsApp baada ya kazi ni picha ya karatasi imepigwa kwa upande, mistari ipo ila hakuna vipimo kutoka kitu kisichohama. Nilitaka kuandikiwa kebo iko mita ngapi toka kona ya nyumba, mita ngapi toka nguzo namba fulani, ili mwaka kesho mtu akija kuchimba asianze upya. Niliwaambia, wakarekebisha, ila haikupaswa kuwa mpaka mteja aombe.

Bei, walinitoza laki mbili na nusu, pamoja na kusimamia yale mashimo. Mwenye nyumba alishtuka kidogo akaniuliza kwani lazima. Nikamkumbusha mtaa wa jirani, kuna kampuni ilikuwa inapitisha faiba ikachana bomba la maji, watu wakawa wanabeba ndoo na barabara ikawa dimbwi, na hayo yalikuwa maji tu. Kebo ya umeme mkubwa ukiipiga na mtaimbo ule mlipuko unakuunguza uso na mikono hata kama hujashika waya. Hawa vibarua wetu wanaingia mtaroni na kandambili na fulana, hawana kinga ya aina yoyote, na ndo wanaotangulia kufika kwenye kebo. Mimi hilo linaniuma, kwasababu likitokea jambo wanasema kibarua alikuwa mzembe, kumbe aliambiwa chimba hapa na mtu aliyevaa kofia ngumu.

Na kuna habari moja ya Ubelgiji huwa nawasimulia madereva wa vijiko. Kijiji kinaitwa Ghislenghien, tarehe 30 Julai 2004 bomba kubwa la gesi lililipuka wakafa watu 24, wengi wao zimamoto na wafanyakazi waliokuwa hapo. Bomba liliumizwa na mashine ya ujenzi kabla ya siku hiyo, likakwaruzwa, halikupasuka, kazi zikaendelea, na presha ilipoongezwa baadae ndo likaachia. Kwahiyo dereva ukisikia jino la kijiko limegusa kitu kigumu kikaparuza, usifukie ukanyamaza eti mbona halijavuja. Simamisha kazi, mwenye bomba aitwe aje alitazame. Hata mkwaruzo tu wa ile ngozi ya nje ya bomba la chuma unatosha kuanzisha kutu. Yule dereva wetu alinisikiliza akasema, "Mzee, mbona sisi huwa tunafukia." Ndo hali ilivyo, na ndo maana nasimulia.

Hawa vijana kabla hatujaanza walituambia pia la kufanya gesi ikitoka, ingawa kwenye saiti yetu hakukuwa na bomba la gesi. Watu wote watoke waelekee upande upepo unakotokea, kijiko kiachwe kilipo bila kuwashwa wala kuondolewa, hakuna sigara hakuna kupiga simu pale pale, usijaribu kuziba kwa udongo wala kitambaa, ukishafika mbali ndo unapiga zimamoto 114 na wenye bomba. Gesi yetu ya asili karibu yote ni methani, nyepesi kuliko hewa, inapanda, tofauti na ya mtungi inayolala chini sakafuni, ila ikivuja ndani ya udongo inaweza kusafiri kwenye mitaro na mabomba matupu ikatokea ndani ya nyumba ya mtu mbali na mlipochimba, kwahiyo nyumba za jirani ziambiwe mapema. Na usitegemee pua, gesi yenyewe haina harufu, ile harufu inawekwa.

Niliwauliza kuhusu ile mashine ya rada inayosukumwa kama kitoroli, maana hiyo inaweza kuona hata plastiki. Hawana, wakasema wanafikiria kununua. Ushauri wangu kwa atakayeinunua hapa kwetu, ajue rada inafanya vizuri kwenye mchanga mkavu, na huo tunao, ila ukikaribia bahari chini kuna maji chumvi na hapo mawimbi yake yanamezwa, na udongo wa mfinyanzi wenye unyevu nao vilevile. Yaani Naliendele huko juu inaweza kukusaidia sana, na pwani kabisa ikakuonyesha ukungu mtupu, na bei yake ni kubwa. Mimi nisingemlipa mtu wa rada kazi ya karibu na ufukwe bila kumwambia aanze na kipande kidogo nione picha yake.

Kwa anayetaka kuwatumia, chukua michoro yako mapema, wapigie kabla hujalipia kijiko ili wakichelewa usiumie kama mimi, nunua vigingi vyako na utepe, na kwenye makubaliano andika kabisa kwamba mchoro wa mwisho uwe na vipimo toka kona za jengo. Ukiona kazi yako ipo karibu na mkuza wa bomba la gesi usiishie kwao, nenda TPDC watume mtu wao asimame pale mnapochimba. Mimi nina mtaro mwingine unakuja kule Mikindani, mitaa ile ya zamani, nimeshawapigia, na safari hii tumekubaliana waanze na mzunguko wa kwa wazee wa mtaa ndo wawashe mashine.